Vigingi vya laini kubwa ya umeme vimeingia shambani kwetu, tufanyeje?

mwana_wa_ganda
Salaam aleikum jamani. Huku kwetu nyuma ya Malindi walikuja vijana wa saveya na ile mashine yao ya miguu mitatu, wakapiga vigingi vya rangi nyekundu kutoka kwa jirani mpaka katikati ya minazi yetu, ukiwauliza wanasema ni laini kubwa yapangwa lkn bado haijapitishwa, mzee asiwe na wasiwasi. Sasa babangu minazi na mikorosho ile kaachiwa na babake na nyuma ya nyumba pana makaburi ya familia. Hatimiliki hatuna, tumekaa hapo tangu enzi za mababu na karatasi ndio hakuna, watu wa pwani mnaijua hadithi. Je, kigingi kikishapigwa ndio basi? Na jengine linaloniuma, ile laini kubwa ya zamani yapita juu ya vichwa vya watu wanaowasha koroboi, mbona wasitoboe hapo hapo watupe stima? Wenye ujuzi nisaidieni, mzee halali.

fundi_vikombe
Nianze na hilo la kutoboa maana kila baraza huulizwa. Laini ya Rabai–Malindi–Garsen–Lamu ni kilovolti 220, soketi yako ya nyumbani ni volti 240, hebu piga hesabu mwenyewe. Volteji inapandishwa makusudi, umeme uleule ukiupeleka kwa volteji mara kumi mkondo unashuka mara kumi na ule unaopotea kwa joto la waya unashuka mara mia, bila hivyo umeme wa mvuke wa Olkaria, kule Naivasha, ungekwisha njiani kabla haujanusa Garsen. Kuushusha sasa ndio kazi, yataka sabstesheni nzima, yaani kituo cha kupunguza volteji, kilovolti 220 iwe 33 halafu ishuke tena ndio ifike kwa transfoma ya mtaa. Kutoboa laini hiyo kwa nyumba ishirini ni sawa na kuchota maji ya chai kwenye mpira wa zimamoto. Nyinyi pigieni kelele transfoma, si nguzo kubwa. Hata mradi wa serikali wa kuunganishia watu stima, Last Mile, ulioanza 2015 ulikuwa ukihesabu nyumba zilizo ndani ya mita 600 za transfoma, sasa kama transfoma iko mbali hata uwe chini ya waya wa kilovolti 400 utakaa gizani.

binti_shela
Kaka mwana wa Ganda, kigingi si hukumu. Hapo ndipo laini bado yasogezeka, baadaye ikishachorwa na pesa zikishatoka ndio utasema na ukuta. Kabla ya kujengwa lazima kuwe na ripoti ya athari za mazingira kwa NEMA, ile mamlaka ya mazingira, na watu wapewe nafasi ya kusema. Sisi Lamu twajua nguvu ya hicho kikao, ule mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliopangwa Kwasasi, Juni 2019 baraza la kitaifa la kusikiza kesi za mazingira (tribunal) lilifuta leseni yake na sababu kubwa ilikuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kwa hivyo makaburi yasemeni mapema, kwa maandishi, mkiwa na chifu na wazee wa mtaa. Njia ya laini yaweza kupinda, nguzo moja ya kona ni ghali kuliko ya kawaida lkn hujengwa kila siku.

Na hili la hatimiliki lisiwafunge mdomo. Katiba ya 2010 kifungu cha 40(5) chasema hata mkaaji wa nia njema asiye na hati aweza kulipwa. Aweza, sikusema lazima, ndio maana ushahidi wa kukaa ni muhimu.

mwana_wa_ganda
Shukran dada. Na minazi je? Wale vijana walisema tutaendelea kulima.

fundi_vikombe
Kulima ndio, minazi hapana. Laini ya 220 huchukua upana wa kama mita 40, ya 400 ni kama 60. Ndani ya hapo mahindi, mihogo, kunde poa tu, lkn nyumba na mti mrefu haviruhusiwi, mnazi na mwembe mkubwa ni kukatwa. Ardhi yabaki yenu kwa hivyo mnalipwa sehemu ya thamani yake, si bei nzima, miti na majengo yanahesabiwa mbali. Hapo kwa miti ndipo watu wa pwani huumia, mnazi unaozaa unaandikwa kama mche na mzee anatia kidole gumba bila kusoma.

mzee_wa_hindi
Yote sawa lkn msije mkaipinga laini yenyewe. Nyinyi Malindi hata jua la Langobaya mnalo, megawati 40 tangu 2021. Sisi huku Hindi, Lamu, tuko mkiani mwa laini, kabla ya gridi tulikuwa tukila moshi wa jenereta za dizeli, na laini ikiwa ni moja tu basi hitilafu huko nyuma Rabai, sote mbele giza. Na hewa ya chumvi yaganda kwenye vile vikombe vya nguzoni vinavyozuia umeme usiguse chuma, ukija umande wa alfajiri umeme unaruka. Ndio maana wapangaji wataka njia ya pili, mfano ile ya Garsen–Hola–Garissa, ili upande mmoja ukikatika mwengine ushike. Muangalie na Loiyangalani kule Marsabit, mitambo ya upepo megawati 310 ilikuwa tayari 2017 ikakaa bure mpaka laini ya Suswa ikamalizika 2018, mkandarasi Mhispania kafilisika na huku ugomvi wa njia haujesha, serikali ikalipa faini. Faini hiyo nani kalipa kama si sisi kwa bili?

binti_shela
Mzee hakuna anayepinga hapa, mtu aomba wasipite juu ya kaburi la babuye.

mzee_wa_hindi
Hapo nakubali.

fundi_vikombe
Mwana wa Ganda, kabla hawajarudi piga picha kila mnazi na mkorosho ulio ndani ya vigingi, kigingi kionekane kwenye picha, andika upi wazaa na upi mche, mpe chifu apige muhuri ubaki na nakala. Fomu yao ikija muisome na mtu wa kilimo wa wadi kabla mzee hajatia kidole. Na vigingi msivingoe, hilo ni kesi nyengine.

mwana_wa_ganda
Kuna kimoja tayari mbuzi kakiangusha 😅 nitamwambia chifu kabla hawajasema ni sisi.