Tupeane uzoefu: Benzi, BMW, Jaguar na magari mengine ya kifahari yaliyozeeka. Ugonjwa gani ulikutesa, ukaupataje?

Mtoto wa Mzee (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Nina Benzi W124, 260E ya mwaka 1990. Aliinunua mzee, akaitunza, mwishowe akaniachia. Kiti cha dereva kimechanika upande wa mlango, lakini ukifunga mlango wenyewe bado unalia "dufu" kama sanduku la fedha.

Ugonjwa ulianza mwaka jana. Ukiwasha asubuhi, mshale wa mzunguko wa injini unapanda hadi 1,400, unashuka 500, unapanda tena, kama kuna mtu anakanyaga mafuta na kuachia. Taa ya ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge ukipiga breki) inawaka. Barabarani ikishachanganya mwendo, haina neno. Kwenye foleni ya Mwenge inatetemeka mpaka kioo cha pembeni huoni gari la nyuma.

Fundi wa kwanza alibadilisha plagi na waya zake. Wa pili akaleta pampu ya mafuta ya mtumba, nikalipa. Wa tatu, huyu ndiye sitamsahau, alizunguka gari mara mbili, akafunga boneti taratibu kama anafunika maiti, akaniambia: "Bosi, hii mifumo ya Mjerumani itakumaliza. Tuweke injini ya Toyota." Alikuwa na bei kichwani tayari.

Wa nne ni mzee mmoja fundi waya, anafanyia kazi chini ya mwembe, hana hata kibao. Hakugusa chochote. Aliniuliza tu: "Taa ya ABS na kutetemeka, kipi kilitangulia?" Nikamwambia vilianza siku moja. Akasema: "ABS iko kwenye breki, kutetemeka kuko kwenye injini. Vimeugua siku moja, basi vinakula sahani moja. Tutafute sahani."

Akatoa kifuniko cha plastiki nyuma ya betri, akachomoa kijisanduku cha bati jeupe chenye fyuzi nyekundu ya ampea 10 kichwani. Ni rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, inayolinda kompyuta umeme usizidi, wenyewe wanaiita OVP. Umeme wa kompyuta ya mafuta na wa kompyuta ya ABS vyote hupitia humo. Fyuzi ilikuwa nzima, ndiyo maana mafundi wote waliipita. Mzee akakifungua, akageuza ubao, akaniambia nitumie kamera ya simu kukuza. Kuzunguka pini moja kulikuwa na pete nyembamba nyeusi kwenye lehemu, nyembamba kama unywele. Pale ndipo umeme ulipokuwa unapita ukipenda na kukataa ukipenda.

Akaiyeyusha ile lehemu, akaongeza mpya, tukawasha. Mshale ukatulia. Taa ya ABS ikazima yenyewe.

Kilichowapoteza wale wengine ni kwamba KE-Jetronic, mfumo wa kupeleka mafuta kwenye injini ya gari hizi, kwa sehemu kubwa hufanya kazi kimakanika. Kompyuta ikipofuka, injini haizimi, inaendelea kupapasa. Ukiona gari inatembea unadhani kompyuta haina kosa. Baadaye niliagiza rilei mpya, maana pini moja ikishapasuka zenzake ziko njiani.

Haya, leteni zenu. Semeni dalili, mlichobadilisha bure, na kilichokuwa kweli.

Kitumbua Baridi

Mimi kwa ajili ya stori kama hizi nilinunua Toyota IST. Nawasoma tu hapa na chai yangu.

Bwana Mkonge

Kitumbua, endelea na chai, sisi tuna presha zetu.

Yangu ni W123, 240D, gia za mkono. Kwa wasioijua, W123 ilizinduliwa 1976 na ndiyo iliyokuwa teksi kila mahali duniani. Niliinunua Tanga kwa mzee mmoja mstaafu. Miezi sita ya kwanza raha. Halafu siku moja nimefika msikitini Ijumaa, nimechelewa, nazima, natoa ufunguo, nautia mfukoni, nashuka. Gari bado inanguruma.

Nikarudi, nikaweka ufunguo, nikazima tena. Wapi. Khutba imeshaanza na dizeli yangu inajibu kwa nje. Ikabidi nitie gia ya nne, nikanyage breki, niachie klachi mpaka ikajinyonga. Watu walionikuta nje walidhani nimeiba.

Niliishi hivyo wiki tatu, naizima kwa kuinyonga. Fundi mmoja akasema swichi ya ufunguo imekufa, nikabadilisha. Haikusaidia. Ndipo nikaelewa jambo ambalo ningelijua mapema ningeokoa pesa: dizeli haina moto wa plagi wa kukata. Itazima ukiinyima mafuta tu. Kwenye W123 ufunguo haukati umeme wowote pale, unafungulia njia ya hewa. Kuna pampu kwenye injini inayonyonya hewa, na ule mvuto ndio unaovuta kiwambo kwenye pampu ya nozeli, mafuta yanafungwa, injini inalala. Na mvuto huohuo ndio unaofunga milango yote ukifunga wa dereva. Kwa hiyo mpira ukitoboka mlangoni, injini inakataa kuzima. Nani angewaza hivyo?

Nilivyoipata: nilichukua misumari midogo, nikawa nachomoa tawi moja la mipira, naziba kwa msumari, nawasha, nazima. Tawi la kwanza, bado. La pili, bado. Nilipoziba la milango, injini ikakata papo hapo, kimya mpaka nikasikia kuku. Nikaanza kufungua mlango mmoja mmoja. Wa nyuma kulia, kiwambo chake kilikuwa kimechanika kama puto lililopasuka. Nimekiziba, na mpaka leo mlango ule naufunga kwa mkono. Siuoni kama ubovu, nauona kama mila ya gari.

Halafu kwenye injini ile kuna kikono chenye kitufe chekundu kimeandikwa STOP. Ukikisukuma inazima. Kilikuwepo siku zote nilizokuwa nainyonga.

Dada Gia Tano

Bwana Mkonge, nimecheka msikitini kwako. Swali: huo mvuto hauhusiani na breki?

Bwana Mkonge

Unahusiana, dada. Servo la breki, kisaidizi kinachoifanya pedali iwe laini, linatumia pampu hiyohiyo. Lina vali yake ya kuzuia, ndiyo maana tobo la mlangoni halikunigusa breki. Lakini ukiona pedali imekuwa ngumu kama unakanyaga ukuta, hapo usiulize watu mtandaoni. Paki, pampu yenyewe huenda imekufa.

Mkimbizi wa Limuru

Salamu kutoka Kenya. Mimi ni wa BMW E39, 523i. Hii gari ikiwa sawa hakuna kitu kama hiyo barabarani, ikikosana na wewe unajua haujui.

Ilichemka nikipanda kutoka Mai Mahiu. Mshale ulikaa katikati vizuri tu, halafu kwa dakika moja ukaenda mwekundu. Huo mshale wa BMW usiuamini, umetengenezwa ukae katikati hata joto likipanda na kushuka kiasi. Ukianza kusonga, tayari umechelewa. Nilizima, nikangoja, moshi kila mahali na malori yananipita yakipiga honi.

Makanika wa kwanza alifanya kile wengi wanafanya huku: alitoa thamostati (vali inayozuia maji yasizunguke mpaka injini ipate joto) akatupa. "Hiyo ni ya nchi za baridi." Akajaza maji ya mfereji. Gari ikaacha kuchemka, nikamshukuru na kumwongezea ya soda. Mwezi ukaisha nikaona petroli inaenda kama ina tobo. Injini ilikuwa haifiki joto lake, kompyuta inadhani ni asubuhi siku nzima, inaongeza mafuta. Na maji matupu ndani ya hedi ya aluminiamu yanakula polepole.

Ikachemka tena, bila thamostati. Sasa ndiyo nikapata mtu anayezijua. Alifungua pampu ya maji akanionyesha: mapanga yake ni ya plastiki, yamepasuka na yanazunguka peke yake kwenye shafti. Pampu inazunguka kwa nje, ndani maji yamesimama. Nikiwa barabara tambarare hewa inasaidia, nikipanda mlima hakuna msaada. Na kale katangi ka plastiki kando ya rejeta kalikuwa na ufa.

Tuliweka pampu ya mapanga ya chuma, tangi mpya, thamostati ikarudi, kulanti (maji ya dawa ya kupoza injini) badala ya maji matupu. Alinifundisha pia kutoa hewa: kuna kaskurubu ka plastiki juu ya tangi, unakalegeza, unawasha hita ya ndani joto mwisho, unajaza polepole mpaka mapovu yaishe. Hewa ikibaki ndani utachemsha na kila kitu kikiwa kipya. Kaskurubu hako usikakaze kama nati ya gurudumu. Nilivunja moja.

Meru Juu

Wenye Benzi za kati ya 1993 na 1995, zile zenye injini ya M104, kabla hujamlaumu mtu gusa waya za injini. E320 yangu ilikuwa inamisi (injini inakosa moto na kukwamakwama), inakaa sawa siku mbili, inamisi tena. Nimenunua koili, nimenunua kompyuta ya mtumba, nimeuziwa maneno mengi. Siku moja nakunja waya mmoja juu ya injini, gamba lake likamong'onyoka mkononi kama biskuti ya jana. Nikakunja mwingine, hivyohivyo. Shaba tupu inagusa shaba. Gamba la waya za miaka ile halikuvumilia joto, yaani gari zima litakuzika lakini waya wake hautafika kwa mjukuu. Usifunge utepe, ni kudanganyana. Badilisha mkanda mzima wa waya wa injini, au mpate fundi aliyetulia ausuke upya kwa waya wa kuhimili joto, mmoja mmoja, rangi kwa rangi. Wangu alikaa nao siku nne.

Mtoto wa Mzee

Meru Juu, na ile kompyuta ya mtumba uliifanyaje?

Meru Juu

Iko kabatini. Mke wangu anaiita "laki nne".

Mpemba wa Maskati

Assalaam alaykum. Mie niko Oman, gari yangu Lexus LS400, V8. Watu hunambia hiyo ni Toyota haifi. Kweli haifi, lakini yajua kukusumbua.

Mimi ilinilia alternata (mashine ya kuchaji betri) tatu ndani ya miaka miwili. Kila nikenda dukani napewa nyengine, natia, miezi minane betri inalala. Fundi anasema joto la huku. Nikakubali, joto la huku husingiziwa kila kitu.

Rafiki yangu mmoja alilala chini ya gari akanambia, hebu njoo tazama. Pampu ya stelingi iko juu, alternata iko chini yake. Pampu ilikuwa yavuja tone moja moja, na kila tone laangukia alternata. Mafuta ya stelingi yanaingia ndani, brashi zinaroa, basi. Nilikuwa nanunua alternata, kumbe nanunua ndoo ya kukingia mafuta. Tukatia sili mpya kwenye pampu, vitu vya thamani ya chakula cha mchana. Alternata ya nne iko mpaka leo.

Kwa mnaotafuta spea mtumba, Sharjah kuna maskrepu ya gari hizi mtaa mzima. Lakini nenda na kipande chako kibovu mkononi, ulinganishe namba iliyopigwa chapa. Usimtumie mtu kwa maneno.

Kitumbua Baridi

Nikiri kitu. Shemeji yangu anauza Benzi S-Class W220 na bei yake inanitoa mate. Shida asubuhi naikuta imelala upande mmoja.

Mtoto wa Mzee

Karibu, chai imeisha. W220 nyingi zimekaa juu ya mifuko ya hewa, hazina springi za chuma. Kona moja ikilala usiku, hewa inavuja hapo. Mwambie shemeji aiwashe ipande, kisha nyunyiza maji ya sabuni kwenye mfuko wa kona hiyo na kwenye viungo vya mpira wake, utazame mapovu. Usikubali kuuziwa minne kwa mpigo kabla hujaona mapovu manne. Ila sikiliza kompresa (pampu ya hewa) pia: mfuko ukivuja muda mrefu, kompresa hufanya kazi bila kupumzika mpaka inaungua. Ikiunguruma sana na gari haipandi, punguza bei ya shemeji mara mbili.

Kinyozi Mstaafu

Wakuu, nisaidieni sasa hivi, niko gereji. 300E ya 1989. Ikiwa baridi inawaka vizuri. Nikisimama sokoni nusu saa, ikiwa bado ya moto, stata inapiga haiwaki. Ikipoa inawaka. Fundi anataka kushusha stata.

Mtoto wa Mzee

Stata inapiga, sasa ishushwe ina kosa gani? Fungua ufunguo bila kupiga stata, mtu mmoja akae karibu na gurudumu la nyuma kulia. Pampu ya mafuta inatakiwa ivume sekunde moja kisha inyamaze. Ikivuma kila mara na bado haiwaki ikiwa ya moto, angalia vali ya kuzuia mafuta yasirudi na akiba ya presha iliyo pembeni ya pampu, mafuta yanageuka mvuke kwenye bomba. Isipovuma, angalia rilei ya pampu. Iko nyuma ya betri, jirani na ile niliyoieleza juu.

Kinyozi Mstaafu

Haivumi. Nimesubiri ikapoa robo saa, ikavuma. Tumechomoa rilei, fundi anatafuta bisibisi nyembamba.

Kinyozi Mstaafu

Imefunguka. Nimekuza kwa simu. Pini mbili, zote zina pete.