Fundi kaninunulisha kompresa ya pili kumbe tatizo ni waya

Wakuu leo sina salamu ndefu. Nina hasira na naandika na hasira zangu hivyo hivyo, anayetaka kusahihisha tahajia apite kushoto.

Kisa kiko hivi. Nina fo-wili yangu ya kuingilia porini, mchanga, matope, mawe, popote. Na anayeendesha huko anajua habari ya kushusha upepo, ukifika kwenye mchanga unatoa mpaka tairi zinabaki na psi 18 au 20, tairi inalala, inapata unyayo mrefu, gari linaelea badala ya kuchimba shimo la kujizika. Raha tupu. Shida ni kurudi lami, huwezi kukimbia na psi 18 kwenye lami, ubavu wa tairi unajikunja unajikunjua kila mzunguko unapata moto mpaka tairi inaachana, kwahiyo lazima ujaze kwanza. Nilikuwa na kale kapampu ka kuchomeka kwenye tundu la sigara, kanapiga kelele kama nyuki ndani ya kopo na tairi moja unaweza ukalala ukaamka bado. Nikasema imetosha, nafunga kompresa ya kudumu chini ya boneti, nabonyeza swichi, naunga mpira, kwisha.

Mashine nilinunua mwenyewe, ya mota moja, ya kutosha kabisa kwa saizi ya tairi zangu. Nikampelekea fundi. Na sio fundi wa kuokoteza, ni mtu ambaye kila unayemuuliza anakwambia nenda kwa yule. Akaigeuza geuza mkononi akaniambia bosi hii kazi ya masaa mawili tu. Na kweli masaa mawili kamaliza, na hapo ndipo nilipaswa kushtuka lakini nikafurahi kama mjinga, nikabonyeza swichi ya dashibodi ikanguruma, nikalipa nikaondoka.

Safari ya kwanza. Tairi ya kwanza sawa. Ya pili naona inajivuta, mlio umekuwa mzito kama mtu anapanda kilima na gunia. Ya tatu katikati, kimya. Nabonyeza, kimya. Nimekaa pale na gari lina tairi mbili na nusu, jua linazama, wenzangu wananiangalia. Baada ya kama nusu saa ikawaka yenyewe, ikafanya kazi dakika chache, ikazima tena. Baadaye nikaja kuelewa kuwa haikufa, hizi mashine zina kinga ya joto, zikichemka zinajizima mpaka zipoe, ni kitu cha kawaida na kwenye kitabu chake kimeandikwa. Ila fundi hakuniambia na mimi kitabu sikusoma, mnisamehe.

Nikarudi kwa fundi. Hakufungua hata boneti wakuu. Hata boneti! Kasikiliza maneno mawili kasema "bosi umepigwa, hiyo feki, chukua ya mota mbili hutajuta". Nikachukua. Ya mota mbili, pesa yake sitaji maana mke wangu anasoma humu. Akaifunga palepale ilipokuwa ya kwanza, kwa waya zilezile, akanirudishia ile ya zamani kwenye mfuko. Kuwasha tu, fyuzi ikakata. Akabadilisha, ikakata tena.

Sasa hapa ndipo nusu ya hasira inanirudia mwenyewe maana nilikuwa nimesimama pembeni naangalia. Akachukua fyuzi iliyoungua, akakata kipande cha waya, akachambua nyuzi mbili za shaba, akazizungushia kwenye miguu ya fyuzi, akachomeka. Ikanguruma. Akaniangalia anatabasamu kama kafufua maiti. Na mimi nikatabasamu!!

Jamani fyuzi hailindi mashine, fyuzi inalinda WAYA. Kazi yake ni kukata kabla waya haujawa jiko. Ukiona inakata kila saa inakwambia waya huu hauwezi huu mzigo, au kuna shoti mahali. Kuifunga shaba ni sawa na kumziba mdomo anayepiga kelele nyumba inaungua.

Siku tatu baadaye nipo nje najaribu kujaza tairi ya kwanza, nikasikia harufu. Ile harufu ya plastiki mnaijua. Moshi mwembamba unatoka chini ya dashibodi kwenye swichi. Nikazima, haizimi, swichi imeyeyuka imegandia kwenye kuwaka. Nikakimbilia boneti na spana namba 10 kuchomoa kichwa cha betri mikono inatetemeka, spana ikaniponyoka mara mbili. Gari halikuungua. Bahati tu, hakuna ujanja wowote.

Kesho yake nikaazima mita ya kupimia umeme, nikakaa chini na gari langu mwenyewe. Naomba msome hapa taratibu.

Kutoka betri mpaka kompresa ilipofungwa hakuna hata mita moja, zote ziko chini ya boneti. Lakini waya wa fundi ulitoka betri, ukapita kwenye tundu la ukuta wa injini (tundu la bati kali, halina hata kile kimpira cha kulinda, waya tayari ulishaanza kuchunika), ukaingia ndani mpaka kwenye swichi ya dashibodi, ukarudi tena nje mpaka kompresa. Nimeupima, karibu mita 6. Na wenyewe ni waya wa milimita moja na nusu za mraba, waya wa kufungia redio. Umeme wote wa kompresa, ampea 28 kwa ile ndogo, unapita katikati ya kidude cha plastiki kilichotengenezwa kuwasha taa. Rilei, ile swichi inayoamshwa na umeme mdogo ili yenyewe ibebe mzigo mkubwa, hakuna. Fyuzi ameiweka chini ya dashibodi karibu na swichi, yaani toka betri mpaka hapo waya uko uchi hauna kinga yoyote, ukichunika kwenye lile bati unashika moto na fyuzi iko salama salimini inaangalia.

Waya wa hasi je? Kaufunga kwa bolti juu ya rangi. Hajakwangua hata kidogo. Rangi haipitishi umeme fundi, hata mtoto anajua.

Nikatengeneza tena swichi kwa muda, nikarudisha ile kompresa ya kwanza, ile "feki", kwenye waya zake zilezile, injini inawaka, nikapima. Kwenye betri volti 13.9. Kwenye kompresa yenyewe ikiwa inasukuma, 10.6. Volti zaidi ya tatu zimepotelea njiani, mbili hivi kwenye ule waya mwembamba na swichi, iliyobaki kwenye bolti ya rangi. Zimepotelea wapi, zimegeuka joto, ndio maana waya ulikuwa moto ukiushika. Na mota ikikosa volti inazunguka polepole, tairi linachukua muda mrefu, feni yake nayo haipulizi vizuri, inachemka, kinga inazima. Hiyo ndiyo "feki" yangu.

Kisha nikachukua zile waya nene za kubustia betri, nikaiunga ile ya kwanza moja kwa moja kwenye betri. Wakuu iliimba. Tairi nne bila kusimama. Nilikaa chini kwenye mchanga wa uwanja wangu nikacheka peke yangu, kicheko cha hasira.

Na bado sijamaliza madhambi. Upepo ukibanwa unapata moto, hewa inayotoka kwenye kichwa cha kompresa inaunguza kabisa, ndio maana kipande cha kwanza kinatakiwa mpira uliosukwa kwa waya za chuma, baadaye huko mbele ndio unaweka wa plastiki ukitaka. Yeye kaweka plastiki toka mwanzo. Ulishalainika ukatoa tumbo kama chatu aliyemeza mbuzi, ungepasuka nikiwa nimeinamia hapo tungekuwa tunaongea mengine. Mashine nayo kaifunga upande wa ekzosi. Injini nzima ina nafasi, yeye kachagua penye moto.

Halafu fitingi. Hii ilinitesa siku nzima mpaka nikaielewa. Kwenye kiungo kimoja ilikuwa inavuja, fundi kazungushia tepu nyeupe mpaka inafanana na kidole kilichofungwa bandeji. Nikapaka povu la sabuni, mapovu yanachipuka pale pale. Nikafungua, nikasafisha tepu yote, nikajaribu kuingiza kwa mkono. Inaingia mizunguko miwili mitatu vizuri kisha inagoma. Kumbe upande mmoja una hesi (yale meno ya kukazia) za kimarekani, NPT, na mwingine za kiingereza, BSP. Zote zinaitwa robo inchi, kwa macho zinafanana, ila ya kimarekani ina meno 18 kwa inchi na ya kiingereza 19, na pembe za meno ni tofauti, nyuzi 60 na 55. Zinaanza kuingiliana zikakudanganya, ukilazimisha kwa spana unakula meno na upepo unatafuta njia milele. Hakuna tepu ya kuziba hiyo. Nilibadilisha fitingi moja ndogo kama kifundo cha kidole, kimya, povu limetulia.

Wauzaji nao msijifiche. Mnaandika kwenye boksi lita kadhaa kwa dakika kwa herufi kubwa, hizo ni lita za mashine ikipuliza hewani mdomo wazi, haisukumi kitu. Niambie lita ngapi kwa psi 30, hapo ndipo tairi lilipo. Na ile "psi 150" ya nini kwangu, tairi langu mwisho 35.

Nimefunga upya mwenyewe, ile ya mota mbili maana pesa imeshaenda. Siku mbili, sio masaa mawili. Waya wa milimita 16 za mraba, mfupi, moja kwa moja toka betri. Fyuzi mbili za 40, kila mota na yake, ziko karibu na betri kabisa. Rilei mbili, swichi ya dashibodi sasa inabeba kaumeme kadogo tu ka kuamsha rilei. Hasi imerudi betri yenyewe. Mashine imehamia upande wa pili juu, mbali na ekzosi, na kichujio chake cha hewa nimekivuta kwa mpira mpaka juu karibu na boneti ili nikivuka maji isinywe. Volti kwenye mashine ikifanya kazi, 13.3. Tairi nne toka 18 mpaka 35 hazikufika dakika nane.

Nyongeza: aliyeuliza kuhusu kuongeza tenki, tenki la lita 4 ni zuri kwa difloku za upepo (zile za kufunga tairi mbili za ekseli zizunguke pamoja) na kupuliza vumbi, ila usidhani litakujazia tairi, hata moja kubwa halifikishi. Na litolee maji chini mara kwa mara. Aliyesema angefunga pampu ya AC iendeshwe na belti ya injini, ni kweli inatoa upepo mwingi kuliko hizi zetu, ila nyingi zinalainishwa kwa oili na bila kitenganishi oili inaingia kwenye mipira yako. Sikatazi, fungua uzi wako tuje.

Nyongeza ya pili: jina la fundi sitaji, msinisumbue inbox. Kanipigia leo asubuhi. Nikadhani anaomba radhi. Anauliza ile feki ya kwanza kama bado ninayo, ana mteja.