Cap Anson atolewe Cooperstown au abaki? Tujadili

Wakuu, kila hili suala likiibuka watu wanagombana: Cap Anson atolewe kwenye jumba la magwiji wa besiboli kule Cooperstown kwa sababu ya ubaguzi wake, au aachwe kwa sababu ya alichofanya uwanjani. Nianze na yeye mwenyewe ili hata asiyefuatilia besiboli twende naye.

Jamaa kazaliwa Marshalltown, Iowa, 1852, akaanza kulipwa kucheza 1871 na timu ya Rockford, besiboli ya kulipwa yenyewe bado changa kabisa, na hakustaafu mpaka 1897. Misimu 27! Kati ya hiyo 22 yuko Chicago, na kuanzia 1879 anacheza huku anafundisha, kabeba ubingwa mara 5, na ndiye anayehesabiwa wa kwanza kufikisha mapigo 3,000. Uwezo hakuna anayebisha.

Sasa njoo Toledo, mji wa jimbo la Ohio, Agosti 1883, Chicago ya Anson imekuja kucheza na timu ya pale. Toledo walikuwa na mdakaji mweusi, Moses Fleetwood Walker, msomi wa vyuo vya Oberlin na Michigan, na kipindi kile wadakaji hawana glavu za maana kwa hiyo vidole vinaumia kila siku. Siku hiyo alikuwa majeruhi, hata hakupangwa. Anson kufika tu akasema timu yake haichezi kama huyo mweusi ataingia. Kocha wa Toledo, Charlie Morton, aliposikia hivyo ndo akampanga Walker makusudi, akamwambia Anson ukigoma mgawo wa viingilio huupati. Anson akaufyata, akacheza.

Nakazia hapo kwa sababu kila siku tunaambiwa eti tusimhukumu, zama zake ndivyo zilivyokuwa. Zama zipi? Kwani Morton aliishi zama gani? Mwaka huohuo timu ya Peoria ilipeleka hoja ligi yao ipige marufuku wachezaji weusi na haikupita. Yaani mlango ulikuwa bado wazi, watu wanavutana, na Anson akatumia jina lake kubwa kuusukuma ufungwe. 1884 Walker akacheza ligi kuu mechi 42. Julai 1887 kule Newark Anson akagoma tena, mrushaji mweusi George Stovey hakutumika siku ile, na siku hiyohiyo wamiliki wa International League, ligi ndogo waliyokuwa wanacheza Newark, wakapiga kura kutosajili tena weusi. Kutoka 1884 ligi kuu ikakaa bila mchezaji mweusi mpaka alipoingia Jackie Robinson 1947, miaka 63, mtu anazaliwa na kipaji chake anazeeka nacho hivihivi. Inauma sana.

Lakini kumtoa sikubaliani. Ile kura walipiga wamiliki, Anson hakuwa hata kwenye ligi hiyo, na leo majina yao nani anayajua? Ukimbebesha mzigo wote yeye halafu ukamtoa, hao wote wamesafishika. Mimi nasema abaki, ila kibao chake kiandikwe upya. Tangu 1939 kinasifia ubingwa na mapigo tu, Toledo na Newark hamna. Na Walker alikufa 1924, kaburi lake Steubenville likakaa zaidi ya miaka 60 bila hata jiwe la jina.

Haya, mnaotaka atolewe nijibuni hili moja: Anson akishaondoka pale, mtoto anayetembelea Cooperstown atakutana wapi na habari ya siku ile Toledo?