Si umri unaoua magorofa ya manispaa, ni chumvi na plasta ya juu juu

Naufungua uzi huu kwa hasira. Kila akitokea mtu kusema yale magorofa ya manispaa ya Mombasa yaliyojengwa baada ya Vita Vikuu vya Pili yahifadhiwe, anarushiwa majibu matatu: ni ya mkoloni, hayana sura, ni mabovu. Mawili ya kwanza hayanichukui muda. La tatu ndilo linalotumika kuwapumbaza watu.

Ya mkoloni? Fort Jesus ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, na mwaka 2011 ikaingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Nani amesimama akadai ivunjwe kwa ajili ya Mreno? Na nyumba za wafanyakazi zilizaliwa na madai yao. Januari 1947 Mombasa ilisimama, watu wapatao 15,000 wakaacha kazi, na shida ya makazi ilikuwa miongoni mwa yaliyowachosha. Mkoloni hakuanza kuwajengea watu wa bandari na reli kwa huruma. Alibanwa. Vyumba vile mnavyovicheka vilipatikana kwa jasho la babu zetu.

Hayana sura? Someni Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya Kenya ya 2006. Inasema jengo la umri wowote laweza kutangazwa kuwa la kuhifadhiwa kwa sababu ya historia, utamaduni, usanifu au ufundi wake, Waziri akilichapisha katika gazeti rasmi la serikali. Umri wowote! Hakuna sharti la mlango wa nakshi wala baraza ya mawe. Mji wa Kale wa Mombasa ulitangazwa mwaka 1990, kabla hata ya sheria hii. Nje ya pale tumejifanya hakuna historia.

Sasa ubovu. Mnapiga picha dari iliyomeguka, nondo ziko nje, mnaandika "limezeeka, lishushwe". Zege halimeguki kwa kuhesabu miaka. Nondo ndani ya zege zima hulindwa na ukali wa simiti. Chumvi ya hewa ya bahari ikipenya hadi kwenye chuma, ulinzi huo unavunjika na kutu inaanza. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, mara mbili na zaidi, kwa hiyo inalisukuma zege kutoka ndani mpaka linapasuka. Nondo ikiwa imefunikwa na milimita 20 tu za zege, chumvi haina safari ndefu. Ukanda wa pwani hutakiwa milimita 40 hadi 50. Ongezeni bomba la choo linalovuja miaka na miaka juu ya dari ile ile, na matangi ya maji yaliyopandishwa juu ya paa bila hesabu. Tangi la lita 10,000 likijaa ni tani 10. Nani alimuuliza mhandisi?

Halafu anakuja fundi wa plasta. Anagonga kilicholegea, anapaka mchanga na simiti juu ya kutu, rangi, kazi imekwisha. Mchanga ameuokota ufuoni, maji ameyateka kisima cha chumvi. Amekirudisha kile kile kilicholiua zege. Baada ya misimu michache dari inaanguka tena, na ndipo mnaposema "si mnaona, hata ukarabati haukusaidia". Ule haukuwa ukarabati!

Kazi yenyewe iko hivi. Kwanza ziba maji: mabomba, paa, mifereji. Usiguse dari kabla ya hapo. Kisha gonga dari na boriti zote kwa nyundo ndogo, na panapolia tupu piga alama ya chaki. Toboa, chukua unga wa zege kwa vina tofauti, upimwe chumvi maabara, ujulikane imefika wapi. Mahali pabovu pachimbwe mpaka nyuma ya nondo, kama milimita 20, vidole vipite. Wengi huishia usoni mwa nondo, na kutu ya mgongoni inaendelea kula. Chuma kisuguliwe kiwe cheupe, kioshwe kwa maji matamu, na nondo iliyoliwa sana iongezewe nyingine. Dari izuiliwe kwa miti kabla ya kuchimba, tafadhali, watu wanaishi chini. Kiraka kijazwe kwa tabaka, kilowe siku 7. Na hata hapo kuna mtego: zege la pembeni likiwa bado na chumvi, kutu huhamia ukingoni mwa kiraka. Ndiyo maana kipimo cha maabara si anasa.

Lakini na nyinyi mnaotaka kuhifadhi, msituletee cheti kitupu. London, Balfron Tower, gorofa la halmashauri lililochorwa na msanifu Ernő Goldfinger, ililindwa kisheria mwaka 1996. Jengo lipo mpaka leo. Wapangaji wa halmashauri walihamishwa ili likarabatiwe, nyumba zikageuzwa za kuuzwa sokoni. Robin Hood Gardens, magorofa mengine ya halmashauri mji huo huo, ilinyimwa ulinzi na kuanza kuvunjwa mwaka 2017. Kipande chake kikachukuliwa na jumba la makumbusho. Kwa hiyo mpangaji wa hapa anayeogopa neno "urithi" si mjinga. Sheria inayolinda ukuta haimlindi yeye.

Ninachodai ni hiki. Kabla tingatinga halijaingia mtaa mwingine kama lilivyoingia Buxton, mtaa wa nyumba za manispaa hapa Mombasa, ripoti ya mhandisi iwekwe hadharani, kila jengo kivyake: kina cha chumvi, unene wa zege juu ya nondo, boriti zipi zimekufa na zipi zatengenezeka, na gharama ya kutengeneza kando ya gharama ya kujenga upya. Jengo lililokufa livunjwe, sitalililia. Lakini mkataba wa mpangaji kurudi, na kodi atakayolipa akirudi, uandikwe na kutiwa saini kabla hajatoa godoro nje. Mwenye ripoti ya namna hiyo ya mtaa wowote Mombasa aiweke hapa chini, kurasa zote.