Kuhamisha utengenezaji wa losheni na sabuni kutoka Ujiji kwenda Gungu, nianzie wapi?

Mtu_wa_Ujiji
Wakuu habari zenu. Tunatengeneza losheni ya mwili na sabuni ya mawese hapa Ujiji. Losheni tunapikia sufuria la lita 50, maji ni ya mvua ya simtanki. Mkataba wa nyumba unaisha, tumepata jengo Gungu lenye tanki la stenlesi la lita 200, lina jaketi (ukuta wa pili wa kupitishia maji ya moto) na mikisa yake. Maji kule ni ya bomba. Kuna ubaya gani tukizidisha fomula mara nne, tukahama wikiendi moja na Jumatatu tukaanza kazi?

Pipa_na_Mizani
Fomula ileile itakupa losheni nyingine, mkuu. Anza na maji. Bomba la Kigoma ni maji ya ziwa, na Ziwa Tanganyika lina pH karibu 9 na magnesiamu nyingi. Kama losheni yenu ni ya asidi ya steariki na triethanolamini (viungo vinavyounganisha mafuta na maji), magnesiamu itaishika ile asidi, utaona vichembe vyeupe kama maziwa yaliyokatika. Kama ni ya kabomeri (unga wa kuifanya iwe nzito), inalegea na kuwa majimaji. Kuchuja kwa kitambaa hakusaidii kitu. Funga mashine ya kuondoa madini, kisha weka EDTA (kiungo kinachoshika madini yaliyobaki) 0.1%, yaani gramu 100 kwa kila kilo 100 za losheni.

Halafu joto. Ujazo ukipanda mara nne, eneo la nje la chombo linapanda kama mara mbili na nusu tu, kwa hiyo tanki litapoa polepole kuliko sufuria. Mliozoea "dakika 40 tia pafyumu" mtaitia ikiwa bado nyuzi 60, harufu yote ipande darini. Fuateni kipimajoto: mafuta na maji yote yafike 75 kabla ya kuunganishwa, pafyumu na kihifadhi vingoje ishuke chini ya 40.

Mikisa pia. Panga la sentimita 10 kwa mizunguko 1,400 kwa dakika ncha yake inakwenda sawa na panga la sentimita 20 kwa 700. Ukiacha 1,400 kwenye panga kubwa unapiga povu, na losheni yenye hewa hudanganya ujazo wa chupa.

Kibali_Kwanza
Wikiendi moja sahau. Tangu Julai 2019 vipodozi viko TBS (Shirika la Viwango), si TFDA (iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa) tena, na usajili wa jengo ni wa jengo hilo hilo. Gungu inaombewa upya na kukaguliwa. Msichapishe lebo zenye anwani mpya kabla ya hapo. Ujiji ibaki inazalisha, mjiwekee akiba ya miezi miwili. Namba za bachi (kila mpiko mmoja) zianze na U au G, siku mteja akilalamika mjue chupa imetoka wapi.

Mise_na_Mawese
Naongezea upande wa sabuni. Kostiki soda ipimwe upya kwa mizani, msizidishe vikombe. Mfano, kilo 40 za mawese zinataka kilo 5.64, kilo 10 za mise (mafuta ya kokwa za mchikichi) zinataka 1.76, jumla 7.40. Punguza 5% ili mafuta kidogo yabaki, unapata 7.03. Kostiki inaingia kwenye maji, si maji kwenye kostiki, na isiguse sufuria la alumini. Wakati wa kuhamisha pipa lifungwe kabisa, maana inavuta unyevu hewani na nguvu yake inashuka, mnaishia na sabuni ya kunata. Msirukie boksi kubwa la kugandishia: katikati joto linapanda, sabuni inavimba na kupasuka.

Mtu_wa_Ujiji
Nashukuru sana. Bachi ya kwanza Gungu tujaze tanki lote?

Pipa_na_Mizani
Hapana, nusu inatosha, mradi panga lizame. Kabla ya hapo lioshe kwa sabuni ya maji ya moto kuondoa mafuta ya fundi wa kuchomelea, kisha asidi ya sitriki 5% kwa nyuzi 60, nusu saa, suuza vizuri. Pika bachi tatu, linganisha pH, uzito na unato na chupa za Ujiji, na chupa kadhaa zikae kwenye nyuzi 40 kwa miezi mitatu. Na angalia lile bomba fupi chini ya tanki, kabla ya valvu. Kilichomo humo mikisa haikifikii, kwa hiyo lita mbili za kwanza zitoe kwenye ndoo, zirudishe juu wakati losheni bado ina moto. Usipofanya hivyo, chupa za mwanzo zitakuwa maji matupu.