Kadi ya sauti ya PCI: ninunue kompyuta gani niendelee kuitumia?

MwalimuKwaya (Iringa)

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kabla sijapanda basi kwenda Dar Jumatano na hela ya watu mfukoni.

Nafundisha kwaya, na chumba cha uani nyumbani kwangu ndiyo studio yetu. Kuta tumezifunika kwa magodoro ya zamani na mablanketi. Miaka yote tumerekodi kwa M-Audio Delta 1010LT, ile kadi ya kuchomeka ndani ya kompyuta yenye mkia wa nyaya nyingi: kuingia njia nane, mbili za plagi ya kanoni (XLR, ile ya maiki) na sita RCA (zile plagi za redio). Maiki zinapita kwanza kwenye miksa, halafu kila moja inakwenda kwenye kadi kwa njia yake. Soprano peke yao, alto peke yao, teno, besi, kinanda, gitaa na ngoma mbili. Ndiyo maana naipenda: mtu akikosea naweza kumshusha yeye tu bila kuwaita watu hamsini warudie wimbo.

Kadi ni nzima. Kilichokufa ni kompyuta, Pentium 4 ya siku nyingi. Fundi aliifungua akanionyesha kapasita tano zimevimba vichwa, moja imeshamwaga. Akazibadilisha, ikawaka siku mbili, ikazima jumla.

Wanakwaya wamechanga laki sita. Nimepiga simu duka moja nikaambiwa nichukue bodi mpya na prosesa ya Core i5 kizazi cha 12, ramu na kasha nitafute baadaye, na kwamba "kadi yoyote inaingia". Wakanitumia picha. Nimeiweka kadi kando ya picha na naona matundu hayafanani kabisa. Nakosea mimi, au?

Mchanganyaji_Dom

Mwalimu, hujakosea. Hiyo bodi haina tundu la kadi yako. Ushauri wangu achana na mambo ya kadi za ndani, chukua kifaa cha USB. Behringer UMC1820 ina matundu nane ya maiki na umeme wa 48V kwa maiki za kondensa, unachomeka hata kwenye laptopu.

MwalimuKwaya

Asante mkuu. Nimekuelewa, ila nikinunua hicho kifaa hela ya kompyuta haitabaki, na laptopu sina. Kadi ninayo mkononi na inafanya kazi. Nikimwambia mama aliyechangia elfu mbili kwamba kadi nzima tumeiweka kabatini, sitakuwa na la kumjibu.

StudioUani (Tanga)

Mwalimu shikamoo. Mimi nimetumia ndugu mdogo wa kadi yako, Audiophile 2496, tangu nikiwa chuo, na nimeshapoteza hela kwa kosa hilihili unalotaka kulifanya. Nisikilize kwa makini.

Kadi yako ni PCI ya zamani. Bodi za leo zina PCIe. Majina yanakaribiana, lakini tundu la moja haliipokei kadi ya nyingine hata ukisukuma kwa nguvu (usisukume!). PCI ni tundu refu la kama sentimita nane na nusu, mara nyingi jeupe au la rangi ya maziwa. PCIe ndogo ni fupi kama kifundo cha kidole.

Sasa Intel walianza kuiondoa PCI kwenye chipu za bodi mwaka 2011. Lakini zile za kompyuta za ofisini waliziachia kwa muda: Q67, halafu mwaka 2012 Q77 na B75. Baada ya hapo wakaifuta. Kwa hiyo usitafute bodi mpya. Tafuta kompyuta kamili ya ofisi iliyotumika, na hizo Kariakoo zimejaa: Dell OptiPlex 990 ni Q67, OptiPlex 7010 ni Q77, HP 8300 Elite nayo ni Q77. Ya kizazi cha 3 yenye i5-3470 inatosha na inabaki.

Mambo mawili yaliniumiza mimi. La kwanza, nilinunua ile nyembamba ya kulala. Tundu la PCI lilikuwamo, lakini kasha ni fupi na kile kibati cha kadi kimesimama juu, kifuniko hakifungi. Wewe chukua ile kubwa ya kusimama. 7010 ya kusimama ina tundu moja la PCI, na wewe una kadi moja.

La pili, niliuza hiyo nikanunua bodi mpya zaidi iliyoandikwa ina PCI. Kumbe PCI yake si ya chipu ya Intel, kuna chipu ndogo ya kutafsiri kati ya PCIe na PCI. Kadi ilitambulika vizuri, lakini kila baada ya dakika chache sauti inadonoa, tik, tik, na mara nyingine inaganda. Nilibadilisha ramu, diski, nyaya, mpaka nikaishiwa. Siku nilipohamishia kadi kwenye Q67 ya mezani kwa shemeji yangu, usumbufu ukaisha palepale.

Hela usiitupe kwenye prosesa. Piga hesabu: njia nane za biti 24 kwa 48 kHz ni kama megabaiti 1.15 kwa sekunde, yaani giga 4 na kidogo kwa saa nzima ya kurekodi. Hata diski ya kawaida inabeba. SSD nunua kwa sababu ya ukimya, maana wewe kompyuta na waimbaji viko chumba kimoja. Ramu ni DDR3, weka giga 8. Wauzaji wengine wanachanganya na ramu za seva, zile hazifanyi kazi humo, kwa hiyo iwashwe mbele yako.

Draiva (programu ya kuiendesha kadi): mimi nimehamia Ubuntu Studio, aina ya Linux, mfumo wa kutumia badala ya Windows. Draiva ya kadi yako imo ndani ya Linux tayari, inaitwa snd-ice1712, huna haja ya kutafuta sidii ya zamani. Na kuhusu waimbaji kujisikia, kadi ina miksa yake ndani. Fungua envy24control, kidirisha cha kuiendesha miksa hiyo, wasikilizishe kutoka hapo, sauti haipiti kwenye programu ya kurekodi. Ikibidi ipite, weka bafa (kile kipande cha sauti kinachosubiri kabla ya kupita) ya sampuli 128, ni kama milisekunde 2.7 kila upande, kuingia na kutoka.

Waya_na_Erthi

Niongeze dogo. Miksa na kompyuta uviwashe kwenye ekstensheni moja yenye erthi ya kweli. Mwanakwaya yeyote aliye fundi umeme apime. Kompyuta ikichukua umeme ukuta huu na miksa ukuta ule, RCA zako zitaleta mvumo, na watu watailaumu kadi.

MwalimuKwaya

Mrejesho, wakuu.

Nilikwenda na kadi yenyewe kwenye begi, nimeifunga kwa karatasi ya foili na taulo. Duka la kwanza walikataa kufungua kasha. La pili kijana akafungua mwenyewe, OptiPlex 7010 ya kusimama, tundu la PCI limo. Nikamwomba tuichomeke. Ikaingia bila kusukumwa, kibati kikakaa, tukafunga skrubu. Ramu giga 8, nikaongeza SSD ndogo. Chenji imebaki, nimerudisha kwa mweka hazina pamoja na risiti.

Ubuntu Studio nimewekewa na mwanafunzi wangu wa zamani. Tumeandika arecord -l, amri ya kuorodhesha kadi za kurekodi, na jina la kadi likatokea. Jana usiku tumerekodi dakika arobaini mfululizo, sijasikia tik hata moja. Mvumo ulikuwapo. Nikahamishia miksa kwenye ekstensheni ya kompyuta, ukaisha. Mungu awabariki sana.

Swali moja limebaki: programu inanionyesha njia 12 za kurekodi, na kadi yangu ni ya njia nane. Kuna kitu nimekosea?

StudioUani (Tanga)

Hujakosea chochote. Ya 1 hadi 8 ndizo nyaya zako. Ya 9 na 10 ni ile njia ya dijitali, S/PDIF. Ya 11 na 12 ni mchanganyiko wa ile miksa ya ndani. Washa nane za kwanza tu, nyingine ziache. Nyimbo zikiwa tayari tuwekee hapa tusikie hao alto.