Tupeane uzoefu: kulea miche na maua ya ndani kwa taa kipindi hiki cha baridi, Arusha na Moshi

Mche wa Sakina
Wakuu salaam. Julai ya Arusha mnaijua: Meru umejifunika, nguo zinashinda kwenye kamba na kulala zikiwa mbichi, na mche wa hoho dirishani umerefuka shingo ukitafuta jua. Mwaka huu nimefunga taa juu ya rafu, kwenye iliyokuwa stoo ya mkaa. Nina miche ya hoho na nyanya ya kutoa nje mwezi wa tisa jua likirudi, mrehani wa jikoni, na vyungu vya Saintpaulia, yale maua madogo ya ndani, vya mama watoto.

Nimesoma sana maelekezo ya Wazungu na naona mengi hayatuhusu. Wao wanawasha taa kwa sababu mchana wao umekuwa mfupi. Sisi tuko nyuzi 3 na kitu kusini mwa ikweta. Iwe Juni, iwe Desemba, mchana wetu ni saa 12 hivi, tofauti ni dakika tu. Kinachotunyima mwanga ni wingu, na wingu likishatanda linakuja na baridi yake, kwa hiyo taa peke yake inatibu nusu ya ugonjwa. Huo ndio msimamo wangu, anayepinga aje. Ila zaidi nataka uzoefu: taa gani, saa ngapi, umbali gani.

Mama Wawili, Njiro
Mkuu, achana na taa zilizoandikwa "za mimea" kama mfuko haujatuna. Natumia tyubu za LED nyeupe za kawaida, zile boksi lake limeandikwa 6500K, za futi nne, wati 18. Mbili kwa rafu moja. Zinawaka saa 12 asubuhi, zinazima saa 2 usiku, taima inafanya yenyewe. Hesabu ya LUKU: wati 36 mara saa 14 ni nusu uniti kwa siku, uniti 15 kwa mwezi. Kwa aliye kwenye ile bei nafuu ya wasiozidi uniti 75, hizo 15 zinaweza kumvusha mstari, apige hesabu kwanza.

Umbali ni shibiri moja kutoka ncha ya mche, na taa iwe kwenye mnyororo ili uipandishe mche ukikua. Wengi wanaiacha taa darini halafu wanashangaa. Macho yanadanganya: unaona chumba cheupe kabisa wakati mche unakufa njaa.

Halafu kila nikipita napitisha kiganja juu ya miche, taratibu, huku na huku. Mche unaotikiswa unanenepa shina badala ya kukimbilia juu. Nje, kazi hiyo inafanywa na upepo. Wanangu wanagombania zamu.

Chalii wa Kijenge
Mama nakuunga mkono kwenye taa nyeupe, na sababu yangu wala si bei. Nililetewa ile ya zambarau, nyekundu na bluu zimechanganywa, nikaifunga chumbani upande wa uchochoroni. Ni kweli mimea inazipenda hizo rangi mbili. Shida ni binadamu. Usiku dirisha langu linawaka kama baa.

Haikupita wiki, balozi kagonga. Nyuma yake mama mwenye nyumba kajifunga khanga mbili, anasema kijana, tumesikia unalima bangi. Nikawafungulia. Balozi kainama, kachuma jani, kalisugua, kalinusa, kanusa tena. Kamgeukia mama: "Hii ni nyanya kabisa." Mama akauliza, "Ya mboga?" Sasa kila Jumapili anapita kukagua kama zimeiva. Nunueni nyeupe.

Fundi wa Usa River
Nimefanya kazi miaka kadhaa kwenye shamba la maua huku, tunakata vipando vya krisanthemamu vya kwenda Ulaya. Mtoa mada yuko sahihi kuhusu mchana wa saa 12, na kwa krisanthemamu hilo ndilo tatizo lenyewe. Ua hilo linahesabu giza. Usiku ukiwa mrefu linaanza kufunga tumba, na usiku wetu unalitosha mwaka mzima. Sasa wewe unataka mimea mama iendelee kutoa machipukizi ya kukata, siyo maua. Dawa ni kuwasha taa katikati ya usiku ulivunje giza. Wala haihitaji taa kali. Wapita njia wanaona banda linawaka usiku wa manane, wanadhani kuna harusi.

Kwa hiyo mwenye krisanthemamu ndani: ukiiwashia saa 14 au 16 utapata majani mazuri na ua hutaliona. Hoho na nyanya hazina neno, ila nazo zipate giza lake. Nyanya ukiiwashia usiku na mchana bila kuzima, majani yanageuka njano.

Ngaramtoni Juu
Samahani nachomekea. Drasena yangu, ua la majani la sebuleni, ncha zote za majani zinakauka, rangi ya kahawia. Nimesogeza taa, nimeondoa kabisa, hali ni ileile.

Mwalimu wa Moshono
Dada, taa haina kosa. Unamwagilia maji gani? Maji mengi ya upande huu wa Meru yana floraidi nyingi, hiyohiyo inayotia meno ya watoto wetu rangi ya kahawia. Drasena ni katika mimea isiyoivumilia. Floraidi inapanda na maji kutoka kwenye mizizi, maji yanatokea kwenye jani kwenda hewani, yenyewe inabaki kujirundika nchani mpaka pale panaungua. Kuchemsha maji hakuiondoi, tena yakipungua sufuriani floraidi inazidi makali. Masika kinga maji ya mvua kwenye ndoo au simtanki, uyaweke kwa ajili ya maua tu. Mbolea ya supafosfeti usiitie kwenye chungu hicho, nayo ina floraidi. Ncha zilizokufa hazifufuki. Kata kwa mkasi, kisha pima matokeo kwa majani mapya.

Mangi wa Kibosho
Yaani mnalipia LUKU kwa ajili ya drasena? Hiyo si ndiyo ukoo mmoja na isale, wakuu? Huku kwetu Uchagani isale ndiyo mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, na ukimkosea mtu unampelekea jani lake kuomba msamaha. Inamea kivulini chini ya migomba na hakuna anayeiuliza hali.

Kuhusu miche namuunga mkono mtoa mada, na huku mlimani naongeza: baridi ndiyo adui namba moja. Mbegu ya hoho inataka udongo wenye joto la nyuzi 25 hadi 30. Ikikuta 15 inalala tu, mingine inaoza. Bibi alikuwa anaweka mbegu kwenye dari la jiko la kuni. Mimi naweka trei juu ya friji la zamani, kule nyuma panapotoa joto, nafunika na nailoni, gizani kabisa. Hoho haina haja ya taa mpaka ichomoze. Ikichungulia tu, hapohapo ipeleke kwenye mwanga. Ukisema utaihamisha kesho kutwa utakuta imeshalegea.

Binti wa Rau
Mangi, hapo kwenye nailoni ndipo miche yangu inapofia. Inachomoza vizuri, asubuhi naikuta imelala, shina limenywea usawa wa udongo.

Fundi wa Usa River
Kinyausi hicho, ugonjwa wa kuozesha shina la mche. Nailoni itoke siku mche wa kwanza unapochungulia. Acha udongo ukauke juu kabla ya kumwagilia tena, na umwagilie asubuhi. Feni ndogo ipulize kwa mbali. Udongo wa shambani usioupitisha motoni usiingie kwenye trei. Iliyolala haiamki, ing'oe pamoja na udongo wake.

Mmachame wa Stockholm
Shikamooni wakubwa. Nawasoma na huku natabasamu. Hapa Desemba jua linatoka saa 3 kasoro asubuhi, na saa 9 kasoro alasiri limezama. Jirani yangu, bibi wa Kiswidi, anasia pilipili Januari kwenye rafu ya taa, na haitoi nje mpaka mwisho wa Mei au Juni, usiku usipogandisha tena. Muda wote huo analea pilipili chumbani. Nyie mna wiki nane mnalalamika!

Rafu yake ya juu imejaa Saintpaulia. Ua hilo lilitoka Usambara, Mjerumani wa serikali ya kikoloni aitwaye Walter von Saint Paul-Illaire alilipeleka kwao mwaka 1892, na mwaka uliofuata likapewa jina lake. Nilimwambia bibi hili ni ua la nyumbani kwetu, akaniangalia mara mbili.

Nililojifunza kwake: msiliogeshe maji ya bomba ya Julai, maji ya baridi yakigusa jani yanaacha madoa. Weka maji vuguvugu kwenye kisahani, chungu kinywe kwa chini, baada ya nusu saa yaliyobaki mwaga. Na miche msiitoe nje kwa mkupuo. Jua la Septemba kwenye mita 1,400 linababua jani lililolelewa na taa. Anzeni kivulini, muongeze jua kidogo kidogo kwa wiki nzima.

Mche wa Sakina
Mangi, friji letu ni jipya, juu halitoi joto lolote. Nimejaribu trei juu ya king'amuzi, joto lipo safi, tatizo ni mama watoto na tamthilia yake. Wakuu, umeme ukikatika mnafanyaje? Na mwenye miche ya hoho ya njano iliyozidi, Jumamosi nitakuwa soko la Tengeru, nabadilishana na nyanya.

Chalii wa Kijenge
Ukikatika siku moja miche haifi mkuu. Hata siku ya mawingu nje kuna mwanga kuliko unavyodhani, isogeze dirishani, ukirudi endelea na ratiba yako. Usiifidie kwa kuwasha usiku kucha.

Mama Wawili, Njiro
Jumamosi nipo Tengeru mkuu. Njano sina, nina trei moja ya hoho nyekundu. Lete nyanya, na uje na trei yako tupu, maana zangu zikitoka huwa hazirudi.